"TULIKUBALIANA" SI JIBU MBELE YA ALLAH: DADA WA KAZI NA KIMA CHA CHINI CHA MSHAHARA



Ndugu zangu katika imani, Mei Mosi ya mwaka 2025 iliangukia Alhamisi. Kule Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, kuanzia mwezi wa Saba. Wengi wenu mlifurahi, na mna haki ya kufurahi. Maisha yamepanda, mtu anastahiki kula jasho lake.

Ijumaa, baada ya swala, nikaandika hapa maneno mawili tu. Nikauliza: wewe uliyepandishiwa mshahara, dada anayekupikia na kukulelea watoto, yeye utampandishia lini?

Wallahi sikutegemea majibu niliyopata. Mmoja kaniambia nisichanganye dini na siasa. Mwingine kaniambia Uislamu haupangi bei, kwa hiyo kima cha chini ni jambo la makafiri. Wa tatu, mwanamke mwenye heshima zake, akasema, "Ustadh, sisi tulikubaliana wenyewe, sheria inaingiaje?"

Leo nawajibu. Ni ndefu, someni hadi mwisho. Na kabla sijawasema nyinyi, nitajisema mwenyewe.

*NILIVYOKOSEA MIMI*

Mwaka 2024, mwezi wa Kumi na Moja, baada ya Alfajiri, nilimkuta binti amekaa kwenye baraza ya msikiti na mfuko wa rambo. Binti wa Usambara, umri kama miaka kumi na tisa. Amefanya kazi kwenye nyumba moja hapa Tanga miezi 22. Walipatana 30,000 kwa mwezi. Katika miezi yote hiyo amepokea jumla ya 180,000, zilizotumwa kwao kwa simu kidogo kidogo. Zilizobaki bosi alikuwa "anamtunzia". Alipozidai akaambiwa kuna pasi aliunguza, kuna sahani alivunja, kuna simu ya mtoto ilipotea. Kisha akafukuzwa usiku.

Mwenye nyumba namjua. Ni mtu wa safu ya kwanza. Mabati ya madrasa yetu, sehemu kubwa ametoa yeye.

Nikamwita, nikasikiliza pande mbili. Kisha nikafanya jambo ambalo mpaka leo linanichoma. Nikamwambia yule binti asubiri, kwamba Allah yupo pamoja na wenye kusubiri. Nikamwombea nauli, akapewa 20,000. Akasema, "Sawa shehe," akaondoka.

Aya ni ya kweli. Lakini niliitumia kufunga mdomo wa aliyedhulumiwa ili nisimuudhi mwenye mabati.

Miezi miwili baadaye, katika Rajabu, akaja baba yake. Mzee mkulima, kanizidi umri. Hakupiga kelele. Akasema, "Shehe, mimi sikuja kudai. Nimekuja kuuliza kama binti yangu alikosa adabu, maana amerudi bila kitu."

Nilikosa jibu. Nimesoma madrasa tangu mtoto, nimesomesha, nimepanda mimbari miaka zaidi ya ishirini, na nilikosa jibu.

Tukaenda kwa yule bwana, tukakaa na karatasi. Miezi 22 mara 30,000 ni 660,000. Toa 180,000, zinabaki 480,000. Akazilipa kwa mafungu matatu, Alhamdulillah. Lakini nilipomwambia kuwa sheria ya nchi inataka zaidi ya hapo, akasimama: "Ustadh, tulikubaliana thelathini!" Toka siku hiyo msikitini kwetu haji.

Kwa hiyo neno hili "tulikubaliana" nalijua vizuri.

*SHERIA INASEMA NINI*

Wengi mnaipinga sheria bila kuijua, mkidhani inawataka mamilioni. Amri ya Kima cha Chini ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 1, 2023, iliweka viwango kwa kila sekta. Dukani na viwandani 150,000. Shambani 140,000. Kwa wafanyakazi wa majumbani ilitofautisha: aliyeajiriwa na mwanadiplomasia au mfanyabiashara mkubwa ilikuwa 250,000. Wa kiongozi mwenye stahili hizo serikalini ilikuwa 200,000. Wa familia ya kawaida, akiwa haishi kwa mwajiri, ilikuwa 120,000. Na anayeishi humo humo ndani, anakula humo na kulala humo, ilikuwa 60,000. Amri ya nyuma yake, ya mwaka 2013, ilikuwa 40,000.

Elfu sitini, ndugu zangu! Gawa kwa siku thelathini: ni 2,000 kwa siku. Nauli ya bodaboda kwenda sokoni na kurudi. Hicho ndicho kiwango mlichokiita cha kuwaonea waajiri.

Na 30,000 ni 1,000 kwa siku. Binti anaamka kabla ya adhana ya Alfajiri kuwasha jiko, analala saa nne usiku akimaliza vyombo. Ni kama saa kumi na sita. Kila saa ya ujana wake umeinunua kwa shilingi sitini na kitu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kwa mwaka kuna siku 28 za likizo. Nani kati yenu amewahi kumpa dada wa kazi likizo ya siku 28 yenye malipo? Nainua mkono wangu wa kwanza: mimi sikuwahi.

*HOJA YA KWANZA: "UISLAMU HAUPANGI BEI"*

Hii imeletwa na vijana waliosoma kidogo, na ina asili, kwa hiyo tuijibu kwa elimu.

Ni kweli, katika hadithi ya Anas (r.a.) waliyoipokea Abu Daud na Tirmidhi, bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (s.a.w.) awapangie. Akakataa, akaeleza kuwa Allah ndiye mwenye kupanga bei, mwenye kubana na kukunjua, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Na sisi Mashafi wa pwani, vitabu vyetu vimeshikilia hapo: kupanga bei ya sokoni hakuruhusiwi.

Lakini angalia sababu aliyoitoa Mtume (s.a.w.). Aliogopa kumdhulumu mtu mali yake! Bei zilipanda zenyewe, kwa uchache wa bidhaa, hakuna aliyedhulumu. Wewe unaichukua hadithi iliyokuja kuzuia dhulma, unaifanya ngao ya kudhulumu. Hivyo ndivyo hadithi zinavyosomwa?

Sheikhul Islam Ibn Taymiyya, katika kitabu chake cha al-Hisba, amelichambua jambo hili. Akaeleza kuwa kupanga bei kuna sura mbili: kuna kwa dhulma, ambako ni haramu, na kuna kwa uadilifu, ambako kunajuzu, na pengine kunakuwa wajibu. Na alipofika kwenye kazi za watu, wakulima, wafumaji, wajenzi, akasema mtawala anaweza kuwalazimisha ujira wa mfano, yaani ujira unaolingana na kazi ile: mfanyakazi asidai zaidi ya hapo, na watu wasiachiwe kumdhulumu kwa kumpa chini ya haki yake. Mizani ina pande mbili. Nyinyi mmeona upande mmoja tu, ule unaowafaa.

Sasa mnaoshikilia madh-hebu, twendeni kwenye madh-hebu hayo hayo. Katika fiqhi ya Imam Shafi, mkataba wa kuajiri unataka kazi ijulikane na ujira ujulikane. Wewe umemwajiri binti kwa "kazi za nyumbani". Zipi? Saa ngapi? Kufua nguo za watu wangapi? Shemeji akija na watoto wanne, wamo? Umemwambia "nakupa thelathini pamoja na chakula". Kwa Mashafi kumwajiri mtu kwa chakula chake na mavazi yake hakusihi, kwa sababu kiasi hakijulikani. Na mkataba ukiharibika, mfanyakazi akiwa ameshafanya kazi, haki yake ni nini? Ni ujira wa mfano! Si ile thelathini yako.

Ukitaka mkataba safi, tazama sura ya al-Qasas, mzee wa Madyan na Nabii Musa (a.s.). Alimtajia muda: miaka minane, na akikamilisha kumi ni hiari yake. Kisha akamhakikishia kuwa hataki kumtaabisha. Musa alikuwa mkimbizi, ana njaa, hana kwao. Angeweza kupunjwa na asiseme kitu. Hakupunjwa.

*HOJA YA PILI: "TULIKUBALIANA"*

Allah katika an-Nisaa aya ya 29 amekataza tusiliane mali zetu kwa batili, akaruhusu biashara ya kuridhiana. Mnashika neno kuridhiana. Haya, tuulize: aliridhia?

Binti ametoka kijijini, baba ana deni la mbolea, mdogo wake amefukuzwa shule hana sare. Ameletwa mjini na mtu asiyemjua. Wewe unamwambia: thelathini, hutaki rudi kwenu. Nauli ya kurudi hana. Akasema, "Sawa, mama." Hiyo ndiyo ridhaa?

Mtu anayezama ukimwambia nitakuokoa unipe shamba lako, atakubali. Hilo shamba ni halali yako?

Ndiyo maana kuna sheria. Kima cha chini kinamsaidia yule asiyeweza kusema hapana. Mtu mwenye cheti na ujuzi hakihitaji, atabishana mwenyewe. Na Mola wetu katika al-A'raf aya ya 85 hakusema mwenye kupunjwa akinyamaza basi ni halali. Amekataza kuwapunja watu vitu vyao, basi.

Kumbuka pia hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.): watu watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni aliyemwajiri mtu, akaichukua kazi yake kamili, asimpe ujira wake. Mahakama ya dunia unaweza kuweka wakili. Kule hasimu wako ni Hakimu.

*HOJA YA TATU: "NI KAMA MWANANGU"*

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, maana imevaa kanzu.

Kama mwanao? Mwanao analala jikoni kwenye mkeka? Mwanao anakula baada ya wageni kumaliza, makombo? Mwanao akiumwa unamwambia ameze Panadol amalizie kufua? Mwanao unamshikia simu asiongee na mama yake? Na je, umemwandikia urithi?

Ukitaka kweli awe kama wa nyumbani, hadithi ya Abu Dharr (r.a.) katika Bukhari na Muslim imeeleza masharti yake: hao ni ndugu zetu walio chini ya mikono yetu, tuwalishe tunachokula, tuwavishe tunachovaa, tusiwabebeshe wasichoweza, na tukiwabebesha tuwasaidie. Hiyo ilisemwa kwa watumwa, wasio na mshahara kisheria. Sembuse binti huru?

Halafu mnalalamika, "wadada wa kazi wezi". Wizi ni haramu, sitetei. Lakini sikilizeni hukumu ya Sayyidna Umar (r.a.), iliyopokewa na Imam Malik katika Muwatta. Watumwa wa Hatib bin Abi Balta'a walimwiba ngamia wa mtu wa Muzayna, wakamchinja. Umar akakaribia kuwakata mikono, kisha akamgeukia bwana wao, akamwambia anaona anawashindisha na njaa. Akamuuliza mwenye ngamia thamani yake, akasema dirhamu 400. Umar akamtoza Hatib 800. Adhabu ikaenda kwa tajiri! Basi kilo ya sukari ikipungua jikoni, kabla ya kwenda polisi, jipigie hesabu ya mshahara kwanza.

Na jambo jingine. Tunalia kila siku kuhusu mabinti zetu waliokwenda Oman kufanya kazi za ndani: wananyang'anywa pasi, wanalipwa pungufu, hawapumziki. Tunasambaza video zao, tunalaani. Na binti wa Lushoto yuko nyuma ya ukuta wetu anatusikia tukilaani. Tofauti yetu na wale tunaowalaani ni ipi?

*HOJA YA NNE: "SINA UWEZO, NA MKINIBANA NITAMFUKUZA"*

Hii naiheshimu, kwa sababu wapo wanaoisema kwa ukweli. Muuguzi ana mshahara mdogo na zamu za usiku. Mjane ana genge la mboga na mtoto mchanga. Hawa si madhalimu kwa nia. Na ni kweli, sheria ikiweka kiwango kisichobebeka, mwajiri mdogo atafunga au atajificha, na atakayeumia ni yule yule maskini. Ndiyo maana viwango vinatofautiana kwa sekta, na katika amri ya 2022 cha familia ya kawaida kilikuwa cha chini kuliko vyote.

Lakini si kila anayetisha kufukuza atafukuza. Kijana mmoja msomi wa uchumi anayeswali kwetu amenieleza habari za Marekani. Mwaka 1992 jimbo la New Jersey lilipandisha kima chake kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa, na jirani yake Pennsylvania hawakupandisha. Wachumi wawili, David Card na Alan Krueger, wakalinganisha migahawa ya pande mbili. Hawakuona kazi zimepungua kule kulikopandishwa. Card baadaye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Wapo wachumi waliowapinga, na Marekani si Tanga. Ila inatosha kuonyesha kuwa kitisho cha "kazi zitakwisha" si aya iliyoteremshwa.

Kwa asiyeweza kweli, njia ziko. Punguza saa: badala ya kumweka usiku na mchana, mpatane siku tatu kwa wiki, ujira wa siku hizo uwe kamili. Shirikianeni majirani wawili. Au fanyeni kazi zenu wenyewe! Mama Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa katika kuwatumikia watu wake. Wewe baba, mara ya mwisho kuosha sahani uliyolia ni lini?

Na Bibi Fatma (r.a.), mikono imechubuka kwa kusaga, alikwenda kwa baba yake kuomba mtumishi. Hakupewa. Alifundishwa tasbihi 33, tahmidi 33 na takbiri 34 wakati wa kulala, akaambiwa hayo ni bora kuliko mtumishi. Binti wa Mtume alikaa bila msaidizi! Kuwa na dada wa kazi si nguzo ya sita ya Uislamu. Kama huna uwezo wa kumlipa, basi huna uwezo wa kuwa naye. Kama vile usivyo na uwezo wa gari, unapanda daladala. Hakuna anayesema "sina uwezo wa gari, kwa hiyo nichukue la jirani".

*NA SISI WA MISIKITINI*

Msidhani nimewasahau viongozi wenzangu. Muadhini wetu anafungua msikiti saa kumi alfajiri, anasafisha vyoo, anajaza matangi, anafunga baada ya Isha. Tulikuwa tunampa 40,000, na kwenye daftari tumeandika "posho ya mjitoleaji". Kwa jina hilo tukaikimbia sheria. Walimu wa madrasa hali ni hiyo hiyo: tunawaambia malipo yao yako kwa Allah, huku mkandarasi wa marumaru tumemlipa taslimu. Nimelifikisha kwenye kamati. Hatujamaliza, lakini limeandikwa kwenye ajenda, na nimesema sitapokea posho yangu mpaka ya muadhini iamuliwe.

*FANYA HAYA USIKU WA LEO*

1. Chukua karatasi. Andika tarehe aliyoanza kazi, mlichopatana, ulichompa, kilichobaki. Usikate sahani wala pasi.

2. Linganisha na kiwango cha sheria. Kilichopungua ni deni. Toba ya haki ya binadamu haikamiliki kwa istighfari peke yake, ni mpaka haki imfikie mwenyewe. Kama huwezi kwa mara moja, mwambie, lipa kwa mafungu. Kama alishaondoka, mtafute. Namba ya kwao unayo.

3. Andikianeni mkataba: kazi, saa, siku ya kupumzika, mshahara, tarehe ya kulipa. Na mlipe mkononi mwake au kwenye simu yake. Usimtunzie. Nani alikuomba umtunzie?

4. Usisimame kwenye kima cha chini kama ndiyo sunna. Kile ni chini kabisa, chini yake ni kosa. Mwenye wasaa aongeze. Mkumbuke mmoja wa wale watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, ambaye kibarua wake aliondoka akaacha ujira mdogo wa nafaka. Akaupanda, akauzalisha, mpaka ukawa mifugo. Kibarua aliporudi akamwambia chukua vyote ni vyako, yule akadhani anadhihakiwa. Alipoomba kwa amali ile, jiwe likasogea. Sisi tunaomba mvua, tunaomba afya, tunaomba watoto wafaulu. Tunaomba kwa amali gani?

5. Na wewe dada unayesoma haya kwa kujificha kwenye simu: kudai haki yako si utovu wa adabu wala si kukosa subira. Nenda kwa afisa kazi, nenda CHODAWU, chama cha wafanyakazi wa hoteli na majumbani, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Usichelewe, muda wa kupeleka madai una mwisho. Na ukija msikitini kwetu, inshallah hutaambiwa tena usubiri.

Ndugu zangu, afisa kazi hawezi kugonga kila mlango wa Ngamiani. Sheria inaishia getini. Ndani ya geti kuna wewe, huyo binti na Allah.

Yule bwana namwombea kila siku arudi safuni. Hesabu yake bado naiweka: miezi 22 mara 60,000 ni 1,320,000, toa 660,000 alizolipa, amebakiza 660,000. Kama anasoma hapa, ajue mzee yule hakumlaani. Nilimuuliza. Akasema amemwachia Mungu. Mimi ningekuwa yeye, ningeogopa neno hilo kuliko laana.

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyokula yasiyo yetu, tupe nguvu ya kuyarudisha kabla ya siku isiyo na dinari wala dirhamu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzio, hasa mwenye dada wa kazi.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.